Chupa ya Maji Mafu

Matemwe, 15 Januari 2025

Mdogo wangu Nasima,

Hujambo, na wanao hawajambo? Mimi mzima wa mwili. Ya moyo nitakueleza, ila kwanza ukae kitako.

Eda yangu imetoka, miezi minne na siku kumi ndani. Jana asubuhi nimeoga, nimevaa kanga ile uliyoniletea, na kabla sijakwenda kwa mtu yeyote nimeteremka pwani. Maji yalikuwa yametoka, na mwani wangu nilikuwa nimeutamani kuliko nilivyowatamani watu. Nimefika, nimekuta vijiti vya mtu mwingine. Vyangu, nilivyovichonga mwenyewe, vimeng'olewa na kurundikwa juu mchangani kama kuni.

Ni Borafya. Ndugu wa tumbo moja na marehemu mume wangu. Wewe umelelewa mjini kwa shangazi, lakini desturi yetu unaijua: baharini hakuna hati, shamba ni la aliyetia vijiti mpaka aviache kwa hiari yake. Basi yeye kawaambia watu, "Salhiya kaniachia." Na wanawake wenzangu akawakanya wasije kumsumbua mjane kwa habari za bahari. Wakaona ni adabu, wakanyamaza. Mimi nimekaa ndani nafuata sheria ya Mungu, yeye yuko nje anafunga kamba za mkewe Faiza juu ya jasho langu.

Na kila Ijumaa alikuwa anakuja. Anakaa barazani, ananiuliza kupitia dirishani, "Shemegi, una haja gani?" Nami namshukuru. Nasima, nilikuwa namwombea dua. Hilo linaniunguza kuliko mwani.

Sasa nisikilize. Mwaka juzi ulikuja na wenzako wa maabara, ukachukua mwani wangu uliokuwa umegeuka mweupe na kulegea. Baadaye ukaniambia mmempata mdudu wake na mnamfuga chupani. Nataka chupa moja.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu naichaji kwa Borafya, umeme kwangu umekatika tangu msiba, na Faiza uvivu wake wote unamwisha akiona simu ya mtu. Barua mpe Tahir anayeleta samaki Darajani. Yeye haulizi.

Dada yako,
Salhiya


Mji Mkongwe, 20 Januari 2025

Dada Salhiya,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama ukumbini na viatu sijavua. Nilimchukia mtu yule tangu nilipofika kwenye jina lake, na nikimaliza barua hii nitaendelea kumchukia. Lakini chupa sikupi.

Nikueleze kilichomo, ujue unaomba nini. Wale ni bakteria, hawaonekani kwa macho na hawana meno. Wanatoa kitu tunachokiita kimeng'enya. Mate yanavyoulainisha mkate mdomoni, ndivyo kimeng'enya hiki kinavyoukata ule ute unaoushika mwani. Ute ukikatika, mwani unakuwa mweupe, unalegea, unadondoka kwenye kamba. Sisi tunakitaka kimeng'enya chenyewe kwa sababu ute ukikatwa vipande vidogo una faida, watengenezaji wa dawa na sabuni wanautafuta. Mdudu mwenyewe hatoki nje ya mlango wetu. Nikikamatwa nimemtoa, sina kazi.

Na hata kama ningekuwa na roho hiyo, bahari haina ukuta. Mdudu hajui kijiti hiki ni cha Borafya na kile ni cha Mwamvua. Unataka kumla mmoja, utakuwa umewala wote.

Nenda kwa sheha. Sema mbele ya watu. Wewe mdomo unao, dada, sijapata kuona kesi uliyoshindwa kuisema.

Nakupenda,
Nasima


Matemwe, 25 Januari 2025

Nasima,

Nimekwenda kwa sheha, maana msomi kasema.

Borafya kaja amevaa kanzu na kofia, kanukia. Kaulizwa. Kasema shamba lilikuwa limeachwa, mwenyewe hajaonekana baharini tangu mwezi wa tisa. Nikamuuliza mbele ya watu, "Na mie mwezi wa tisa nilikuwa wapi?" Kainamisha kichwa kama mtu mwenye huzuni, kasema, "Shemegi ana machungu, tumsamehe." Wakanisamehe. Nimeibiwa mimi na nimesamehewa mimi. Sheha kasema atalitazama jambo hili, mambo ya familia hayataki haraka.

Mtu mmoja tu kanitendea wema. Mwamvua, jirani yangu, alipoona vijiti vyangu vinang'olewa alichukua mbegu zangu za mwani mnene, kaziweka kwenye wavu, kazizamisha mkondoni kule maji yanakopita ya baridi. Kazilea muda wote huo kimya kimya. Upande huu wote mwani mnene umekufa kwa joto, umebaki mwembamba. Mbegu ya mnene iliyobaki ni hiyo yangu, na sina pa kuitia, kwa sababu shamba lenye maji yanayoufaa ni lile lile.

Kwa hiyo usinifundishe habari ya ukuta wa bahari. Mwamvua yuko mbali na shamba lile, kati yao pana mkondo. Wewe hunipi kwa sababu unaogopea mkate wako. Sema hivyo, nitakuelewa. Lakini nijue kwamba siku ya haja yangu sina ndugu.

Salhiya


Mji Mkongwe, 1 Februari 2025

Dada,

Chupa hii hapa. Nimeifunga kwa nailoni mara mbili. Tahir nimemwambia ni dawa ya kifua.

Usiniulize tena jambo hili, na ukishamwaga chupa uitupe.

Nasima


Matemwe, 17 Februari 2025

Mdogo wangu wa pekee, roho yangu,

Mungu akuweke. Nilikutukana, naomba radhi, mdomo wangu unanitangulia siku zote.

Kazi imekwisha. Nilipoifungua ile nailoni nikakuta umeandika juu ya chupa MAFU, kwa herufi kubwa, nilicheka peke yangu. Nikasema, huyu kalelewa mjini lakini bahari haijamtoka. Maana mimi nilikuwa nishajifunga kanga niende siku ile ile, na maji yalikuwa ya bamvua, yanajaa na kutoka kwa nguvu. Ningemwaga pale yangekwenda nayo yote. Nikakutii. Nikangoja mpaka bamvua likatulia, yakaja maji mafu, yale yanayosimama yasijue kama yanajaa au yanatoka. Nikaingia maji yakanifika kifuani, nikamwaga kamba kwa kamba, na kila kamba nikamtaja Borafya kwa jina lake.

Sasa nenda ukaone. Mwani wa Borafya mweupe kama maharage yaliyorowekwa. Ukiushika unakatika. Faiza anatoka baharini analia, na yeye mwenyewe anasimama ufukweni ameshika kiuno. Jana nimempitia na ndoo yangu, nikampa pole. Nimeitamka pole ile vizuri sana, Nasima, kwa adabu zote.

Wanawake wameanza kusema kuwa ni haki ya mjane. Waseme.

Dada yako anayekupenda,
Salhiya


Mji Mkongwe, 20 Februari 2025

Dada Salhiya,

Shikamoo. Furaha yako imenitia aibu, na siwezi kuinyamazia.

Chupa ile haikuwa na kitu. Kazini, tukitaka kuhakikisha kwamba anayeyeyusha mwani ni mdudu na si maji tu, tunaweka chupa mbili. Moja tunaiacha na uhai wake. Ya pili tunaichemsha mpaka kila kilichomo kife, mdudu na kimeng'enya chake, halafu tunaibandika neno MAFU tusije tukaichanganya na nzima. Nilikupa ile iliyochemshwa. Nilifikiri utaimwaga, roho itapoa, na hakuna atakayeumia. Neno lile nilisahau kulibandua. Haikunipitikia kabisa kwamba utalisoma kwa jicho la pwani.

Kilichouharibu mwani wa Borafya ni joto la Kaskazi. Maji yamesimama, yamechemka, na wadudu wale wako baharini siku zote wanangoja mwani uchoke. Hukufanya wewe, dada. Mikono yako ni safi.

Nimeona bora ujue.

Nasima


Matemwe, 24 Februari 2025

Nasima,

Ulinipa maji ya kuchemsha. Mimi dada yako nimeingia baharini, maji kifuani, nimemwaga supu isiyo na nyama kamba kwa kamba nikitaja jina la mtu, na wewe umekaa mjini unajua.

Borafya alininyang'anya shamba. Wewe umeninyang'anya hata lile moja nililodhani nimemlipa. Na unaniambia ni zawadi, mikono yangu ni safi. Nani alikwambia naitaka safi?

Usiniandikie.

Salhiya


Matemwe, 5 Machi 2025

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Kwa shemegi yangu mpenzi, msomi wetu, tunda la ukoo, Bi Nasima,

Ramadhani karimu. Natumai funga inakwenda salama huko kwenu mjini. Sisi huku tuko katika rehema za Mola, ila mitihani haikosekani.

Shemegi, nakuja kwako kwa unyenyekevu. Mwani wangu umepatwa na maradhi ya kuyeyuka. Nimesikia kuwa hiyo ndiyo elimu yako, kwamba mnamjua mdudu anayefanya haya mpaka kwa jina. Anayejua ugonjwa hakosi dawa yake. Naomba uniletee dawa hiyo kwa Tahir.

Najua utakuwa umesikia maneno kutoka kwa Bi Salhiya. Shemegi, mjane akikaa peke yake hasira humfanya aone mambo. Shamba lile mimi nimeliokoa. Sikungoja. Siku ya hitima ya marehemu ndugu yangu, nyote mko ndani mnasoma, mimi niliona maji yametoka vizuri, nikasema nikiacha siku ipite watu wengine watalidaka. Nikatoka kimya kimya nikatia vijiti vyangu, nikarudi kabla ubani haujazimika. Hiyo ndiyo hima ya mwanamume katika mali ya ukoo. Yeye hakuliona hilo, wewe mwenye elimu utaliona.

Jambo hili libaki baina yetu. Bi Salhiya usimtie katika mazungumzo, atadhani nimeshindwa.

Shemegi yako akutakiaye kheri,
Borafya


Mji Mkongwe, 9 Machi 2025

Shemegi Borafya,

Ramadhani karimu nawe pia.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Siku ile ya hitima naikumbuka vizuri. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la kahawa, nawe uliingia umerowa mpaka magotini. Nilikuuliza, ukasema umetoka kutia udhu. Nikakuonea huruma, nikaingia ndani nikakuletea msuli wa marehemu uvae usije ukapata baridi. Ulinishukuru.

Dawa hii hapa, ndani ya chupa. Usiichemshe na usiianike juani, maana kilichomo kiko hai, na faida yake yote iko katika uhai wake. Usiimwage baharini, itapotea bure. Chukua mbegu mpya zilizo nzima, ziloweke kutwa nzima kwenye ndoo ya maji ya bahari uliyotia dawa hii yote, kivulini. Kisha uzifunge bamvua likiwa linamalizika, ili maji mafu yazikute tayari zimo ndani. Hilo ndilo kubwa kuliko yote, na nimeliandika juu ya chupa usisahau.

Utaloweka kwa mkono wako mwenyewe, usimwachie mkeo. Na kama msuli ule bado unao, uvae siku hiyo. Maji yake huchafua nguo.

Karatasi hii ichane ukishaisoma. Kazini kwetu haturuhusiwi kutoa dawa nje.

Nasima


Matemwe, 19 Machi 2025

Mdogo wangu Nasima,

Nilikwambia usiniandikie, nawe umetii, kumbe ukaidi wako wote umekwenda wapi? Basi mimi ndiye naandika. Hasira za mwezi uliopita nimezitia mfungo, na leo nina habari ya kukufurahisha.

Shamba langu limerudi. Joto lile lililoua mwani wa Borafya, kumbe limenifanyia kazi kuliko mimi. Wanawake waliposema ni haki ya mjane maneno yakakua, yakafika msikitini, yakafika kwa sheha. Mwamvua akasimama mbele ya watu akasema aliviona vijiti vyangu vinang'olewa na aliambiwa anyamaze. Na mwani wenyewe umeshaoza, cha kung'ang'ania hakuna. Borafya amelirudisha kwa ulimi wake, sheha yupo, na vijiti vyangu wamevirudisha vijana wale wale aliowatuma kuving'oa.

Sasa sikiliza la kuchekesha. Siku ya pili yake nimekaa uani na Mwamvua na wenzetu, tumezitoa mbegu zangu za mwani mnene kwenye wavu, tunakata taitai, vikamba vya kuzifungia. Kaingia Borafya na chupa. Kawaambia wanawake kwamba kaagiza dawa ya mwani mjini, anataka kuanza na mbegu zangu, iwe ndio radhi yake kwangu. Halafu kaniinamia sikioni, "Imetoka kwa mdogo wako." Nikaichukua nikaitazama. MAFU, kwa mwandiko wako.

Nasima, nilikaribia kuangua kicheko mbele za watu. Nikajua mtoto huyu kamfanyia mchezo ule ule alionifanyia mimi, kamchemshia maji kamwambia dawa. Sikukuharibia. Nikasema moyoni, maji ya kuchemsha hayadhuru, na mtu kaja kwa radhi, mwache aloweke. Akazitia mbegu zangu zote ndooni mwenyewe, na mimi nikazigeuza kwa mikono yangu zienee.

Na nikwambie neno. Alikuja amevaa msuli wa marehemu Msabah. Sijui aliupata wapi. Nilipomwona ameinama kwenye ndoo na msuli ule, nilimwona mume wangu, na kitu kikanilainika kifuani ambacho sikudhani kitalainika tena. Nililia, naye akadhani ni dawa imeniingia machoni.

Juzi tumezifunga zote, bamvua likiwa linaisha. Safari hii nitavuna, Nasima. Njoo Idi, nikupikie.

Dada yako,
Salhiya


Mji Mkongwe, 28 Machi 2025

Dada,

Barua yako imenifika leo hii, Tahir alikuwa haendeshi gari katika kumi hili la mwisho la Ramadhani. Nampa karatasi hii anarudi, na mimi nakuja nyuma yake kwa gari ya kwanza nitakayoipata. Yeyote kati yetu atakayetangulia kufika, wewe fanya hivi: toa kamba zote. Zitoe zote majini hata zikionekana nzima, zipeleke juu mchangani, zianike zikauke kabisa.

Chupa ile haikuchemshwa. Ilikuwa ya Borafya, sikujua kama shamba limerudi kwako, sikujua kuwa atakuletea wewe. Neno lile mara ya kwanza niliandika kwa maana yangu ukalisoma kwa maana yako. Mara hii nililiandika kwa maana yako.

Nakuja.

Nasima


Matemwe, 22 Aprili 2025

Nasima,

Sikukuandikia Idi wala baada ya Idi. Nilikuwa nangoja hasira itulie. Haikutulia, kwa hiyo naandika nayo.

Ulipofika na viatu mkononi, maji mafu yalikuwa yameshapita, na mimi nilikuwa nishajua kuwa kuna jambo. Karatasi yako Tahir aliniletea baadaye, wewe ukiwa umeshaondoka. Zile kamba tulizozivuta pamoja uliona mwenyewe zilivyotoka. Mwani ulibaki viganjani kama bamia. Ile ilikuwa mbegu ya mwisho ya mwani mnene upande wetu huu. Mwamvua aliilea mkondoni muda wote wa eda yangu, na aliitazama inavyodondoka, akajifunga kanga akarudi kwake. Mpaka leo hajaniuliza kitu. Mdudu yule ulimtoa shambani kwangu mwaka juzi, na umemrudisha kwao.

Uliponinong'oneza, "Ni mimi, dada, chupa ilikuwa hai," nilikufinya mkono unyamaze kwa sababu watu walikuwa wanakuja. Nadhani ulifikiri nakuhurumia.

Yaliyofuata uliyaona, lakini nataka uyasome yameandikwa. Watu walimzunguka Borafya, kwa kuwa ndiye aliyeingia uani kwangu na chupa, mbele ya wanawake wote, akasema ni dawa yake. Alikuonyesha wewe kwa kidole. Akasema kuna barua. Sheha akaitaka, akasema ameichana. Watu wakaguna. Sheha akakugeukia, midomo yako ikaanza kufunguka, nikakujibia mimi kabla hujasema. Nilisema, "Mdogo wangu hana dawa ya mwani. Angekuwa nayo, angenipa mie kwanza." Nawe uliinamisha kichwa.

Basi tangu siku hiyo neno ni moja: Borafya amerudisha shamba kwa mkono huu na ameliua kwa mkono ule. Hakuna anayetia mguu barazani kwake. Wanawake wamemkataza bahari. Faiza amekwenda kwao, na sidhani kama ana haraka ya kurudi. Msuli wa Msabah ameufua, ameukunja, ameuweka kizingitini kwangu bila ya kubisha hodi. Anakaa peke yake tangu asubuhi mpaka jioni, hana wa kusema naye.

Ijumaa nilipita kwake makusudi. Nikasimama nje, nikamuuliza, "Shemegi, una haja gani?" Akafunika uso kwa mikono miwili.

Lile alilolifanya kweli alilifanya mchana na watu wakamsamehe kabla hajaomba. Ameshikwa kwa hili ambalo hakulifanya, tena pengine ndilo jema la pekee alilowahi kunikusudia. Nalijua, nawe unalijua. Nilitamani kumlipa, nimemlipa, na usingizi unanijia vizuri tu. Sitakudanganya kwa hilo.

Atakuandikia, kama bado hajakuandikia, akuombe useme neno moja limtoe. Usimjibu. Mwache akae eda. Akae kama nilivyokaa mimi, yote, isipunguzwe hata siku. Ikitoka, utakuja huku mwenyewe, si kwa barua, usimame mbele ya sheha na Mwamvua na wenzetu wote, useme chupa ilitoka wapi na ndani yake mlikuwa na nini. Kazi yako itakwenda, naelewa. Shamba langu nalo limekwenda.

Mpaka siku hiyo usiniandikie, usiniletee kitu, na huku usije. Hiyo na wewe ndiyo eda yako.

Dada yako,
Salhiya